Aliyeumwa na nyoka mpeni usafiri, wembe uacheni

Ndugu Mhariri,

Jumamosi iliyopita mjukuu wangu alinijia na sanduku la huduma ya kwanza la kikundi chao cha skauti ili nilikague, maana anajua bibi yake alikuwa muuguzi. Nililikuta limepangwa vizuri: bandeji pana na nyembamba, pamba, mkasi, glavu, tochi na betri za akiba. Ndani ya kifuniko walikuwa wamebandika kwa gundi ukurasa waliokata kwenye gazeti lenu, ile makala ndefu ya huduma ya kwanza porini. Nikavaa miwani nikasoma. Nilipofika kwenye safu ya nyoka nikavuta kiti nikakaa. Imeandikwa: funga kamba kwa nguvu juu ya jeraha, chanja kwa wembe, nyonya sumu uteme. Na kweli, kwenye mfuko mdogo wa plastiki kando ya pamba kulikuwa na wembe mpya na kipande cha mpira wa kufungia. Watoto wa miaka 13 walikuwa wameshajiandaa kumkata mwenzao.

Ukurasa nimeubandua na wembe nimeuchukua. Mjukuu wangu akaniuliza, "Bibi, sasa mmoja wetu akiumwa tufanye nini?" Nilimjibu, na jibu lile ndilo naomba mlichapishe, kwa kuwa gazeti lenu halikusomwa na skauti peke yao.

Sisemi makala yote ni mbaya. Sehemu ya maporomoko ya theluji imeandikwa na mtu anayejua anachokisema. Niliwahi kwenda misimu miwili na misafara ya wapanda milima kama muuguzi wao, na kabla hatujaruhusiwa kukanyaga mteremko tulizoezwa kufukua mfuko uliozikwa na mkufunzi, mwenyewe amesimama juu yetu na saa mkononi. Watu waliofunikwa kabisa na theluji wakifukuliwa ndani ya dakika 10 za mwanzo, takriban 9 kati ya 10 hutoka hai. Ikifika nusu saa, waliokufa kwa kukosa hewa wamewazidi waliopona. Huko ukimwacha mwenzako ukakimbia kutafuta msaada, umemuua. Msaada ni wewe na sepetu yako, na kile kifaa cha redio ambacho kila mtu anakivaa kifuani, na fimbo ndefu ya kutafutia chini ya theluji. Ndiyo maana mwandishi wenu amesisitiza: fanya kitu, fanya sasa hivi, fanya kwa mikono yako.

Kosa lake ni kuibeba sheria hiyo ya theluji na kuipeleka kwa nyoka. Kwa nyoka mambo yamegeuka. Hakuna namna ambayo mikono yako inaweza kumtoa mtu sumu, ila kuna mengi ambayo mikono yako inaweza kumwongezea. Kazi yako ni kumtuliza, kumlaza na kumfikisha kwenye dawa.

Nayasema haya nikiwa nimekosa mimi mwenyewe. Mwaka wangu wa pili kazini aliletwa mwanaume wa makamo aliyeumwa juu kidogo ya kifundo cha mguu. Kitabu nilichosomea kilikuwa bado kinaelekeza kuchanja. Nikapitisha wembe kwenye moto wa spiriti, nikachanja mara mbili kwa umbo la msalaba kama nilivyofundishwa, nikaweka pampu ndogo ya mpira kunyonya. Damu ilitoka. Ikaendelea kutoka. Nikabana kwa pamba, pamba ikalowa. Nikabana kwa shashi, shashi ikalowa. Mwishowe nikakunja shuka la kitanda nikalikandamiza kwa magoti yangu. Sumu ilikuwa imeshatumia karibu vyote vinavyogandisha damu mwilini mwake, na mimi nilikuwa nimeifungulia damu hiyo mlango. Matundu ya meno ya nyoka, madogo kama ya sindano, yalikuwa yametoa matone tu. Kilichotaka kumuua usiku ule ni jeraha langu.

Alipona, baada ya kupewa rufaa na kuongezewa damu. Miaka mingi baadaye nilikutana naye nikamwomba radhi. Akashangaa. Akaniambia hajui naomba radhi ya nini, kwa kuwa siku zote ameamini ule wembe ndio uliomwokoa, na amewaelekeza wengi wafanye hivyohivyo. Maneno yale yaliniumiza kuliko kama angenilaumu.

Hata kama damu yake ingeganda vizuri, wembe usingesaidia. Meno ya nyoka hufanya kazi kama sindano: sumu huingizwa ndani ya nyama, ikatawanyika humo, na sehemu yake ikachukuliwa na mishipa ya limfu, ile midogo inayobeba majimaji ya mwilini. Haikai kwenye tundu ikingoja kunyonywa. Watafiti waliwahi kuingiza kimiminika kilichotiwa alama kwenye miguu ya watu waliojitolea, kisha wakakinyonya kwa pampu zinazouzwa kwa kazi hiyo. Kilichorudi hakikufika asilimia 1. Ukinyonya kwa mdomo unachopeleka kwenye kidonda ni vijidudu vya mdomoni mwako.

Basi kwa nini kila mahali yupo mtu anayeapa kwamba alichanjwa akapona, au aliwekewa jiwe jeusi akapona, au alipigwa shoti ya umeme wa betri akapona? Jibu lipo kwenye takwimu za Shirika la Afya Duniani. Kila mwaka watu wapatao milioni 5.4 wanaumwa na nyoka duniani. Wanaopata madhara ya sumu ni kati ya milioni 1.8 na milioni 2.7. Yaani nusu au zaidi ya wanaoumwa hawapati sumu ya kuwadhuru, ama kwa sababu nyoka hana sumu ya hatari, ama kwa sababu aliuma bila kuitoa. Ukimpa mtu wa namna hiyo jiwe atapona, na asipopewa chochote pia atapona. Dawa yoyote ya uongo inaanza ikiwa na ushindi wa nusu mkononi. Nusu nyingine ndiyo inayolipa: watu kati ya 81,000 na 138,000 wanakufa kila mwaka, na wanaobaki na ulemavu wa kudumu ni kama mara tatu ya hao.

Kuhusu kamba nina la kusema zaidi. Kijana wa miaka 11 aliletwa kwetu akiwa amefungwa kipande cha tyubu ya baiskeli chini ya goti. Aliumwa na kifutu. Waliomfunga walikuwa wanampenda, tena walimfunga kwa nguvu zao zote, wakatembea naye kwa muda wa saa tisa. Mguu ulikuwa na rangi mbili: juu ya tyubu ilikuwa ngozi ya mtoto, chini yake weusi wa bluu, imetuna mpaka inang'aa, na malengelenge makubwa yaliyojaa maji ya damu. Tyubu ilikuwa imezama kwenye nyama kiasi kwamba kidole changu kililala ndani ya mfereji wake. Sumu ya kifutu huharibu nyama palepale ilipo. Ukiizuia hapo kwa kamba umeifungia chumbani na mguu, na damu safi umeinyima njia. Alikatwa mguu kwenye goti. Sumu yenyewe huenda ingemwachia kovu na miezi kadhaa ya kuchechemea. Siwezi kuwa na hakika, lakini nimewaona wengi wenye kuumwa kama kwake, wasiofungwa kitu, wakitoka kwa miguu yao miwili.

Na mkimkuta mtu ameshafungwa kamba ya kukaza, msikimbilie kuikata huko porini. Sumu na taka zilizojikusanya chini ya kamba huachiliwa zote kwa pamoja, na mgonjwa anaweza kuporomoka mbele yenu. Mpelekeni haraka, waambieni wahudumu ilifungwa saa ngapi, iachiliwe pale penye dripu na dawa tayari.

Kuna bandeji inayosaidia, na hapa ndipo makala ilipochanganya watu. Huko Australia, miaka ya 1970, daktari Struan Sutherland na wenzake walibuni njia ya kuzungushia kiungo chote bandeji pana inayovutika, kuanzia vidoleni kwenda juu, kwa mkazo wa bandeji ya mguu ulioteguka, kisha kukifunga kwenye gango, yaani ubao au fito, kisitikisike. Inachelewesha sumu inayopita kwenye limfu, na inafaa kwa nyoka wanaopoozesha, kama koboko. Kwa kifutu na kwa swila wanaoozesha nyama sishauri. Kwa vile mara nyingi mtu hakumwona nyoka vizuri, maskauti wangu nimewaambia hivi: gango kila mara, bandeji ile pale tu mnapojua kwa hakika ni koboko na mmeshaifanyia mazoezi kwa mikono yenu.

Koboko ana njia yake. Huenda pasivimbe sana, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Kijana mmoja aliingia kituoni kwetu akitembea, anaeleza mwenyewe kilichotokea. Nilimwomba atazame dari. Kope zake hazikupanda. Nikamwomba ameze mate, akashindwa, yakaanza kutiririka kwenye kona ya mdomo. Sauti ikawa nzito kama ya mlevi. Kufikia saa nne usiku kifua chake hakikuwa kikipanda tena. Tulikuwa watatu: mimi, mhudumu na mlinzi wa geti. Tulibonyeza ambu, ule mfuko wa mkono wa kumpulizia mgonjwa hewa, kwa zamu, pumzi moja kila baada ya sekunde tano au sita, mpaka saa kumi na moja alfajiri gari lilipofika. Vidole vya mlinzi vilikakamaa, akabadilisha mkono, hakuacha. Moyo wa mgonjwa ulikuwa unapiga muda wote. Kilicholala ni misuli tu.

Siku ya nne nilikwenda kumtazama hospitalini. Alikuwa amekaa kitandani. Akaniambia, "Dada, nilikuwa nasikia kila kitu. Nilimsikia mtu akiuliza kama bado nipo." Aliyeuliza ni mimi. Tangu siku hiyo nimezungumza na kila mgonjwa aliyepooza kama ninavyozungumza na mtu aliye macho, na nimewafundisha wote niliofanya nao kazi kufanya hivyo. Porini hamna ambu, lakini mna mdomo. Mkiona amepoteza pumzi, mpulizieni, pokezaneni, msikate tamaa kwa sababu hajafumbua macho.

Sumu ya aina ya tatu, ile inayozuia damu kuganda, ndiyo inayowapumbaza hata wataalamu. Tarehe 25 Septemba 1957, mjini Chicago, mtaalamu wa nyoka Karl Schmidt aliumwa kidole gumba na nyoka mdogo wa mitini aitwaye boomslang. Aliona nyoka mwenyewe mchanga, jeraha dogo, hakwenda hospitali. Akawa anaandika kwenye daftari jinsi anavyojisikia saa hadi saa. Asubuhi alipata nafuu akala. Alasiri alikuwa amekufa, damu imevuja ndani ya mwili wake. Alikuwa bingwa wa nyoka kwa miaka mingi.

Kwa sumu ya namna hiyo kuna kipimo ambacho hakihitaji mashine, na nakieleza kwa kirefu kwa sababu wauguzi vijana walioko mbali wanasoma gazeti lenu. Chukua mililita 2 za damu ya mshipa, tia kwenye kichupa cha kioo kilicho safi na kikavu. Kiwe kioo kweli, plastiki haifai, na kisiwe kimeoshwa kwa sabuni, kwani masalia ya sabuni huharibu kipimo. Kiweke mahali kisiguswe, tazama saa. Baada ya dakika 20 kiinamishe mara moja tu. Damu iliyo nzima inakuwa donge linaloshika chini ya kichupa. Ikitiririka kama maji ya rangi, damu haigandi, na mgonjwa huyo anahitaji antivenomu, dawa ya kuua nguvu ya sumu ya nyoka, hata kama anacheka na ndugu zake. Ikiganda, rudia baadaye, tena na tena, na usimruhusu kurudi nyumbani kabla ya saa 24. Nimekishika kichupa hicho mara nyingi sana, na zile dakika 20 hazijawahi kuwa fupi.

Sasa jibu la mjukuu wangu. Ondokeni pale nyoka alipo, msimfukuze wala msimuue. Hata kichwa kilichokatwa bado kinaweza kuuma. Mwenye simu apige picha kwa mbali kama inawezekana. Mlaze mwenzenu, mwambieni ukweli kwamba wengi hupona, maana hofu inamfanya ahangaike na kuhangaika kunasukuma sumu. Mvueni pete, saa, bangili na viatu kabla uvimbe haujavibana. Kifungeni kiungo kwenye gango kama kilichovunjika. Chukueni kalamu mchore mstari pale uvimbe unapoishia, muandike saa kando yake, mrudie njiani. Mstari ule utamwambia daktari mambo ambayo ninyi mtayasahau. Maumivu yakizidi apewe parasetamoli. Aspirini na ibuprofeni msimpe, zinaongeza kuvuja damu. Akitapika au akianza kusinzia mlazeni ubavu. Asitembee hata hatua ambayo mngeweza kumbeba.

Kisha usafiri, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Kusini-mashariki mwa Nepal walipanga vijana wenye pikipiki kuwachukua walioumwa: dereva mbele, mgonjwa katikati, mtu wa tatu nyuma amemshikilia asianguke. Waliwafundisha na wanavijiji kuachana na kamba na wembe. Vifo vilipungua mno. Hawakuwa wamejenga hospitali mpya. Walijua tu nani ana pikipiki, namba yake ni ipi, na pa kwenda ni wapi.

Pa kwenda ni pale penye antivenomu, na si kila kituo kinayo. Dawa hii ina zaidi ya miaka 120. Albert Calmette wa Ufaransa aliitengeneza miaka ya 1890, na Vital Brazil wa São Paulo akaonyesha kwamba iliyotengenezwa kwa nyoka wa nchi moja huenda isifue dafu kwa nyoka wa nchi nyingine. Hadi leo tunaipata kwa kumchoma farasi sumu kidogokidogo na kuchukua kinga iliyojengeka kwenye damu yake. Ni ghali kutengeneza, na wanaoihitaji wengi ni maskini. Mwaka 2014 kampuni ya Sanofi iliacha kutengeneza Fav-Afrique, iliyokuwa tegemeo kwa nyoka wengi wa Afrika. Shirika la Afya Duniani liliingiza sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyopuuzwa mwaka 2017, na mwaka 2019 likaweka lengo la kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo 2030. Kwa hiyo kabla kikundi hakijaingia msituni, kiongozi apige simu aulize kituo gani kina dawa, ni ya nyoka gani, na kama haijapita muda wake. Mtoto anapewa kipimo kilekile cha mtu mzima, kwa sababu nyoka hakumpimia sumu kwa umri wake. Na itolewe na mhudumu mwenye adrenalini karibu, maana wapo wanaoikataa mwilini ghafla. Kwa ajili hiyo sikubaliani na wanaotaka kuibeba kwenye mikoba na kujidunga njiani.

Mawili madogo yaliyobaki kwenye ukurasa ule. Swila akitema sumu machoni, osheni kwa maji mengi mara moja, dakika 20 bila kuchoka. Maji yakikosekana, maziwa au kinywaji chochote kisichochoma kitafaa. Na ile safu ya sumu zilizomezwa, inayosema mtu anyweshwe maji ya chumvi atapike, nayo ifutwe. Aliyekunywa mafuta ya taa akitapika yanaweza kumwingia mapafuni, aliyekunywa asidi anaungua mara ya pili ikirudi, na chumvi nyingi peke yake inaua. Mpelekeni na chombo alichonywea.

Ndugu Mhariri, makala yenu ilichukua ukurasa mzima wa katikati, na mchoro wa wembe ukiwa juu kabisa. Naomba sahihisho lipate ukurasa uleule na herufi za ukubwa uleule, kabla mvua hazijaanza, maana ndipo nyoka na watu wanapokutana zaidi. Sanduku la skauti bado liko kwangu mezani. Ndani ya kifuniko pamebaki alama ya gundi, mraba wa ukubwa wa ukurasa wenu, na mjukuu wangu amekataa kupabandika kitu kingine mpaka lenu litoke.

Muuguzi mstaafu
(Jina na anwani vimehifadhiwa)